Uvumi wa Maradhi Una Mzazi Wake



Leo tuzungumzie uvumi wa maradhi. Yale maneno ya kwamba chanjo inaharibu uzazi, kwamba ugonjwa fulani haupo, kwamba ukilazwa hospitali fulani hutoki mzima. Hakuna kati yetu ambaye hajayasikia, iwe msibani, kijiweni, ndani ya daladala, au kwenye ujumbe wa sauti ambao shangazi ameuleta katika kundi la WhatsApp la ukoo akisisitiza tusikilize mpaka mwisho. Na kila yanapozuka, wakubwa hutoa jibu lile lile: wananchi hawana uelewa, waelimishwe, wapotoshaji wapo, wakamatwe.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limeanzia pabaya. Linamwanza anayesikia na anayesambaza, halafu linamruka aliyewafanya watu wawe tayari kusadiki. Ninachotaka kusema jioni hii ni kwamba uvumi wa maradhi una mzazi, na mara nyingi mzazi huyo ana ofisi, ana muhuri, na anaendeshwa kwenye gari la serikali au la shirika.

Twende Beni.

Beni na Butembo ni miji ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili kinasikika sokoni, kanisani na redioni kila siku. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia katika mji mdogo wa Mangina, jirani na Beni. Kwa Kongo huo ulikuwa mlipuko wa kumi tangu kirusi hicho kitambuliwe mwaka 1976 kule Yambuku. Kwa hiyo nchi haikukosa wajuzi. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekwenda Yambuku mwaka huo wa 1976, alikuwa bado kazini. Tena safari hii ilikuwapo chanjo, kitu ambacho Liberia, Guinea na Sierra Leone hawakuwa nacho walipoanza kuzika maelfu mwaka 2014. Fedha zilimiminika. Magari yalikuja kwa misafara.

Hata hivyo ugonjwa ulidumu karibu miaka miwili. Ulipotangazwa kwamba umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa katika historia ya Ebola. Wajuzi walikuwapo, chanjo ilikuwapo, fedha zilikuwapo. Kulikosekana nini?

Septemba 2018, ugonjwa ukiwa na wiki chache tu, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Zaidi kidogo ya robo yao walisema Ebola haipo. Na waliosema wana imani kwamba viongozi wa eneo lao wanasimamia maslahi yao hawakufika hata theluthi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la kitabibu la Lancet Infectious Diseases, na yalionyesha kwamba mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: asiyemwamini kiongozi na aliyesadiki uvumi ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo na kupeleka mgonjwa hospitali.

Mtu aliye mbali anaweza kutikisa kichwa na kusema hawa watu ni wajinga. Kabla hujasema hivyo, msikilizaji, jiweke mahali pao.

Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi, mashambani na majumbani mwao, usiku na mchana. Waliouawa ni mamia kwa mamia. Jeshi la serikali lilikuwapo. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwapo, na helikopta zao. Mauaji hayakukoma. Kwa miaka minne watu hao walilia, na hakuna aliyefika mbio. Ndipo ikaja Ebola, na ndani ya wiki chache mji ukajaa magari meupe, wageni kutoka kila pembe ya dunia, hoteli zikawa hazina nafasi. Aliyemzika nduguye aliyekatwa kwa panga akauliza: tulipokuwa tunachinjwa mlikuwa wapi? Swali hilo si la mjinga.

Na katika kipindi hicho hicho surua ilikuwa ikiua watoto wa Kongo. Ilipofika mwanzoni mwa mwaka 2020, surua ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000 nchini humo, wengi wao wadogo sana, idadi iliyo zaidi ya mara mbili ya waliouawa na Ebola. Surua ina chanjo ya bei nafuu iliyokuwapo kwa miongo mingi. Lakini surua haitishii kupanda ndege kwenda Ulaya, na watu wa Beni waliliona hilo bila kuhitaji mtafiti wa kuwaeleza.

Kisha ukaja uchaguzi. Kongo ilikuwa ipige kura tarehe 30 Desemba 2018, baada ya kusubiri miaka miwili. Tarehe 26, siku nne kabla, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura siku hiyo, watapiga Machi. Sababu iliyotajwa ni Ebola na usalama. Sasa piga hesabu mwenyewe: rais mpya alikuwa aapishwe Januari. Kura ya Machi ingemchagua nani? Na eneo lenyewe lilikuwa ngome ya upinzani. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, misafara ya kampeni ilikuwa imepita kwa muda wote huo bila mtu kuizuia. Ebola ikaonekana kwenye sanduku la kura peke yake.

Kesho yake baada ya tangazo hilo, waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola mjini Beni. Siku ya uchaguzi ilipofika, watu wa Beni wakajipanga foleni wakapiga kura yao wenyewe, kura ya kujifanyia, wakijua fika haitahesabiwa na yeyote. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Aliyekuwa akinong'ona kwamba Ebola ni mpango wa siasa alikuwa hana ushahidi wowote mpaka Desemba ile. Ushahidi akapewa na serikali, ukiwa umepigwa muhuri wa tume.

Yaliyofuata ni machungu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto ndani ya wiki moja, na Madaktari Wasio na Mipaka wakalazimika kuondoa watu wao. Tarehe 19 Aprili watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo wakamuua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, WHO. Alikuwa katikati ya kikao na wenzake. Nisieleweke vibaya hapa: aliyefyatua risasi ile ni muuaji, na hakuna malalamiko yanayohalalisha damu ya tabibu. Ninachosema ni kwamba muuaji yule alijificha ndani ya umati uliokwisha kukata tamaa na wakubwa, na umati wa namna hiyo hautengenezwi na WhatsApp.

Watu wa Beni na Butembo walikuwa na jina kwa yale waliyokuwa wakiyaona. Waliiita biashara ya Ebola. Waliona nyumba zikipangishwa kwa bei za ajabu, magari yakikodiwa kwa dola, kazi zikigawiwa kwa kujuana. Wageni wakasema huo ni uvumi. Machi 2020 mahakama ikamhukumu aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kongo, Oly Ilunga, kifungo cha miaka mitano cha kazi ngumu kwa kufuja fedha za Ebola, mashtaka ambayo mwenyewe aliyakana. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na WHO yenyewe ikatoa ripoti yake: watuhumiwa 83 walihusishwa na kuwadhulumu wanawake kingono wakati wa mapambano yale, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na WHO. Wanawake walieleza kuahidiwa kazi, kisha kudaiwa mwili. Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dokta Tedros, akaomba radhi mbele ya dunia.

Kwa hiyo, msikilizaji, tuupime ule uvumi sawasawa. Uliposema kirusi hakipo, ulikuwa uongo, na uongo huo uliua. Uliposema wapo wanaonufaika na ugonjwa wetu, ulikuwa kweli. Uongo juu ya kirusi ulibebwa mgongoni na ukweli juu ya watu. Na ndiyo maana kuukanusha kwa mabango na spika za magari hakukufua dafu: kila aliyesikia tangazo alikuwa na jambo moja analolijua kwa macho yake ambalo tangazo halikuligusa.

Sasa tazama kilichosaidia. Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walianza kuandika maswali na maneno ya watu kama walivyoyasema, yakakusanywa na kupelekwa kwa wasimamizi, ili mipango ibadilike kulingana nayo. Watu walisema maiti za ndugu zao zinachukuliwa kwenye mifuko na hawajui ndani mna nini. Familia zikaruhusiwa kushuhudia na kushiriki mazishi bila kugusa mwili. Walisema wagonjwa wanafichwa kwenye mahema ili wamalizwe. Vikaletwa vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, mama akamwona mwanawe, akazungumza naye. Waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa na kinga, waliajiriwa kuwalea watoto wa wagonjwa. Na Agosti 2019 majaribio ya dawa yalipoonyesha kwamba dawa mbili zinaokoa, hasa kwa anayewahi, hospitali ikawa na sababu ya kukimbiliwa. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa katika mlipuko ule. Hao ni watu wale wale tulioambiwa hawana uelewa.

Beni haiko peke yake. Mwaka 1996 huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanyia majaribio dawa yake ya Trovan kwa watoto. Watoto 200 walihusishwa katika majaribio, 11 wakafa. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba watoto wao wanafanyiwa utafiti. Kampuni ilisisitiza kwamba watoto waliuawa na ugonjwa, wala si dawa, na mwaka 2009 ikakubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2003, Kano ikaikataa chanjo ya polio kwa karibu mwaka mzima, ikisemwa kwamba imetiwa dawa ya kuzuia uzazi. Haikuwa kweli. Lakini mzazi wa Kano aliyekumbuka mwaka 1996 hakuwa na haja ya kuona vijidudu kwenye darubini ili awe na wasiwasi. Kirusi cha polio kutoka kaskazini mwa Nigeria kilisambaa nchi kwa nchi hadi Yemeni na Indonesia. Watoto waliolemaa kule hawakujua hata Kano iko wapi.

Turudi nyumbani sasa, maana ya jirani ni rahisi kuyasema.

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kwa wiki sita tulikuwa tunapata takwimu. Mwishoni mwa Aprili zikatolewa za mwisho za taifa; hesabu iliyobaki kwenye kumbukumbu ni wagonjwa 509, waliofariki 21. Siku chache baadaye, tarehe 3 Mei, Rais John Magufuli akaeleza akiwa Chato kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa kwa siri maabara ya taifa, na baadhi zikarudi na majibu ya kwamba zina korona. Mkuu wa maabara akasimamishwa. Takwimu zikanyamaza, na kunyamaza huko kulidumu zaidi ya mwaka.

Kama maabara ilikuwa na kasoro, nchi ilikuwa na haki ya kuelezwa kasoro ni ipi na imerekebishwaje, kisha hesabu iendelee. Kilichofuata ni kimya. Na msikilizaji unajua kimya hicho kilivyojazwa. Kila msiba ulianza kuzaa minong'ono. Matangazo ya vifo yakajaa nimonia na changamoto ya upumuaji. Julai 2020 chombo kimoja cha habari cha mtandaoni, Kwanza Online TV, kilifungiwa miezi 11 kwa kuchapisha tahadhari ya kiafya iliyotolewa na ubalozi wa Marekani. Chombo chenye mhariri, chenye anwani, kinachoweza kuitwa na kuhojiwa, kikafungwa mdomo. Ujumbe wa sauti usio na jina wala anwani ukaendelea kuzunguka usiku kucha. Ukizuia habari yenye mwenyewe, unaiachia njia habari isiyo na mwenyewe.

Januari 2021 Rais akasema chanjo za korona hazifai. Kwamba kama wazungu wangekuwa na uwezo wa kuleta chanjo, wangekwishapata ya UKIMWI, ya malaria, ya kifua kikuu. Tarehe 1 Februari Wizara ya Afya ikasema haina mpango wa kupokea chanjo. Tulikuwa tukijifukiza. Februari hiyo hiyo Zanzibar ikampoteza Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikwishatangaza kwamba ana korona. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio kitamfichua, na vilio mwaka ule vilikuwa vingi.

Halafu ikaja Julai. Serikali ya Rais mpya, Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa ameunda kamati ya wataalamu mara baada ya kuingia madarakani, ikapokea dozi zaidi ya milioni moja, na tarehe 28 Julai 2021 Rais mwenyewe akachanjwa hadharani. Lilikuwa jambo la kiongozi. Lakini fikiria mama wa kijijini aliyekuwa akisikiliza redio. Februari wizara ilimwambia hatuna haja na chanjo. Julai wizara ile ile, chini ya waziri yule yule, ikamwambia nenda ukachanjwe. Hakuna aliyemwelezea kilichobadilika katikati. Hakuna aliyesimama akasema: tulikosea, na sababu ya kubadili msimamo ni hii na hii. Watu wakatazama mahema ya chanjo kwa mbali. Mbunge mmoja wa wakati huo ambaye pia ni askofu, Josephat Gwajima, akawa anahubiri dhidi ya chanjo hiyo, na wakubwa wakamkasirikia. Lakini alichokuwa akisema kilifanana sana na kile ambacho nchi nzima iliambiwa miezi sita nyuma kutoka juu kabisa.

Mwaka 2022 ulipoanza, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizochanja sehemu ndogo zaidi ya watu wao duniani. Kufikia mwaka 2023 karibu nusu ya wananchi wote walikuwa wamekamilisha chanjo. Chupa zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni mwendo wa watoa huduma: walitoka kwenye vituo wakaenda nyumba kwa nyumba, mnadani, shambani, wakapitia kwa mashehe, wachungaji na wenyeviti wa vitongoji, wakakaa na watu wakajibu maswali yao. Muuguzi anayekuchoma sindano huku akikujibu, na ambaye wiki ijayo utamkuta pale pale zahanati, anaaminika kuliko bango, kwa sababu akikudanganya unajua pa kumpata.

Je, tulijifunza? Nusu nusu, na mkoa wa Kagera ndio shahidi.

Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia wilaya ya Bukoba. Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, aliutangaza waziwazi kwa jina lake, na idadi ikatolewa: wagonjwa tisa, waliofariki sita. Tarehe 2 Juni ukatangazwa umekwisha. Hakuna aliyekimbia nchi.

Januari 2025 Marburg ikarudi Kagera, safari hii Biharamulo. Tarehe 14 WHO ikatangaza kwamba kuna watu wanaoshukiwa kuugua na wengine wamekwishafariki. Wizara yetu ikajibu kwamba sampuli zote zilizopimwa hazina Marburg. Tarehe 20 Rais, akiwa Dodoma na Dokta Tedros pembeni yake, akathibitisha kwamba ugonjwa upo. Zilikuwa siku sita kati ya tangazo na uthibitisho, na katika siku hizo sita mkazi wa Biharamulo mwenye mgonjwa wa homa kali ndani ya nyumba alikuwa na sauti mbili zinazopingana, zote za wakubwa. Mlipuko ulipokwisha mwezi Machi, wagonjwa waliohesabiwa, waliothibitika na waliodhaniwa, walikuwa kumi. Wote kumi walikufa.

Tuliwaona jirani zetu Rwanda wakifanya vingine. Marburg ilipowaingilia Septemba 2024, na wengi wa waathirika wakiwa ni wahudumu wa afya wenyewe, waziri wao Sabin Nsanzimana alikuwa akijitokeza mara kwa mara kutoa idadi na kujibu maswali ya waandishi. Waliugua 66, wakafa 15. Hiyo ni chini ya robo, kwa ugonjwa ambao mara nyingi huua nusu au zaidi. Walisaidiwa na mengi, dawa na vyumba vya wagonjwa mahututi vikiwamo. Lakini dawa humsaidia anayewahi, na anayewahi ni yule aliyekwishaambiwa kwamba ugonjwa upo.

Nakubali kwamba kusema ukweli kuna gharama yake. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliitaarifu dunia kuhusu aina mpya ya kirusi cha korona, iliyoitwa Omicron, na shukrani waliyopata ni kufungiwa ndege. Waziri anayewaza watalii, mipaka na mazao yaliyo njiani ana sababu ya kusita. Lakini asite kwa kupima maneno, asisite kwa kukana. Mtalii akiondoka mwaka huu, mwakani atarudi. Mwananchi aliyekamata uongo mmoja wa wizara atautumia kupima kila tangazo la wizara hiyo mpaka azeeke.

Siwasahau wazushi wenyewe. Wapo wanaozua kwa sababu hofu ya chanjo inauza dawa yao ya mizizi, au video ya kutisha inaleta watazamaji. Na wengine wamevaa koti jeupe. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha katika jarida la Lancet makala iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, kwa kutumia watoto 12 tu. Baadaye ikabainika kwamba alikuwa amelipwa kupitia mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010, miaka 12 baadaye, na yeye akafutiwa leseni. Mpaka leo kuna wazazi wanaowanyima watoto chanjo kwa ajili ya makala hiyo. Tapeli wa namna hii sheria imshughulikie. Lakini tukumbuke kwamba hata yeye alipata nguvu kwa sababu jarida kubwa lilimkopesha jina lake, na likachelewa mno kulidai.

Sasa nifunge kwa kusema na pande mbili.

Kwa wenye dhamana ya afya, kuanzia wizarani hadi kwa mganga mkuu wa wilaya: tangazeni mapema, hata kama majibu hayajakamilika, na mseme yapi yamekamilika na yapi bado. Toeni takwimu kwa siku maalumu, ziwe nzuri au mbaya, ili watu wasibaki kubuni. Chanjo yenye madhara madogo, yatajeni madhara hayo kabla mtu hajayasoma kwenye simu. Mkibadili msimamo, semeni mmebadili na mseme kwa nini. Waacheni waandishi waulize. Na yule mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayepita kaya kwa kaya kwa miguu, alipwe na aheshimiwe, kwa sababu siku ya mlipuko yeye ndiye atakayefunguliwa mlango.

Kwako msikilizaji: usiache kuwauliza wakubwa, ni haki yako. Lakini aliyekutumia ujumbe naye muulize hivyo hivyo. Nani kasema, ana jina, alisema lini, na anauza nini? Ukikosa jibu, usiusambaze. Nenda zahanati, mkamate muuguzi unayemjua, mwulize uso kwa uso. Na mtoto wako mpeleke akachanjwe surua na polio, kwa kuwa surua haisubiri mimi na wewe tumalize ugomvi wetu na serikali.

Watu wa Beni walikuwa na sababu ya kutoamini, na bado waliozikwa walikuwa wao. Hilo ndilo linalonifanya niseme kwamba kuaminika ni kazi ya mwenye mamlaka kwanza, na kazi hiyo inafanywa miaka ambayo hakuna mlipuko. Wizara inayotaka kusikilizwa siku ya maafa ianze kusema kweli leo, siku ambayo hakuna kamera wala mgeni kutoka Geneva.